Mbwa wa Balungi Asiyesinyaa

Jumamosi, 23 Septemba. Mwezi una siku tisa.

Siku sita zimebaki.

Binti yangu Lụa amepiga simu kutoka Hà Nội. Bống anakuja! Miaka miwili mjukuu wangu hajala sikukuu ya mwezi hapa kichochoroni kwetu. Mwaka juzi alikuwa na tetekuwanga. Mwaka jana babu yake wa upande wa pili alimnunulia taa ya plastiki ya betri, inayoimba, akabaki huko kuisikiliza. Sasa anakuja. Nilifurahi kwa dakika nne hivi. Halafu Lụa akaongeza kwamba Bống ameliambia darasa zima kuwa babu yake wa Nam Định ndiye fundi mkuu wa mbwa wa balungi, wale wanaoundwa kwa nyama ya tunda kwa ajili ya sikukuu, na mwalimu ameomba picha.

Fundi mkuu! Mimi!

Mbwa wangu wa mashindano ya mwaka jana alianguka kabla Mzee Quýnh, mwenyekiti wa kichochoro, hajamaliza kuvaa miwani. Kichwa kwanza, kisha makalio. Mtu akauliza kwa nini nimeweka tambara la kudekia juu ya sinia la matunda. Hadi mwaka mpya waliniita Mzee Tambara.

Bống haya hayajui. Nimegundua leo kwamba mke wangu, Mama Lụa, alimtumia picha ya mbwa wa Bi Nhạn, jirani yetu, bila kusema ni wa nani. Mtoto akajijazia mwenyewe. Nilipomuuliza Mama Lụa kwa nini, akasema alitaka kunisitiri. Nimesitirika kweli. Nimesitirika hadi shingoni.

Bi Nhạn ameshinda miaka sita mfululizo. Hana hata mjukuu wa karibu. Kila mwaka mtoto wa nyumba iliyoshinda ndiye anayevunja sinia: ngoma inapigwa, mwezi uko juu, anang'ata sikio la mbwa kabla ya watoto wengine wote. Yeye kila mwaka huazima mtoto wa watu. Sikio linapotea bure.

Mwaka huu sikio la kwanza ni la Bống. Lazima nishinde. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mtoto. (Na kidogo kwa ajili yangu.)


Jumapili, 24 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi Mzee Quýnh kwenye kipaza sauti. Masharti ya mashindano. Hakuna plastiki, hakuna gundi, hakuna rangi ya dukani. Kila kitu kiwe kimeota ardhini, na kila kilicho juu ya sinia kiweze kuingia tumboni mwa mtoto. Akarudia hilo la tumbo mara mbili. Nilihisi ananisema mimi, ingawa sikuwa nimefanya lolote bado.

Mpango wa kwanza: kumnyima adui silaha. Mbwa anataka balungi lenye vipande vinene. Unamenya kile kigozi chembamba, unaipanua nyama, inachanuka kama manyoya. Balungi likiwa bovu, mbwa ni mbovu. Kwa hiyo nimekwenda sokoni mapema nikanunua mabalungi yote makubwa. Tisa! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama hadi kiuno kikalia, maana baiskeli ilipinduka mara mbili.

Nimempita Bi Nhạn mlangoni akisuka vikapu vya majani ya mnazi vya kutilia pepeta za mpunga mchanga. Akaniuliza kama nimefungua duka. Nikasema ni ya afya. Akasema, "Basi ukiyamaliza yote hayo, Mzee Khoát, utaishi miaka mia mbili." Watu wakacheka. Acha wacheke. Kesho kutwa atakwenda sokoni na kikapu kitupu arudi na kikapu kitupu.


Jumatatu, 25 Septemba

Mabalungi yote tisa ni makavu. Yote! Ndani kama pamba ya mto. Mbwa wa namna hiyo angezaliwa maiti.

Na jambo jingine. Nimekaa hapa miaka thelathini na moja, na ni leo tu nilipokumbuka kwamba Bi Nhạn ana mbalungi wake mwenyewe uani. Tawi moja limepita juu ya roshani yangu. Kila siku naanika soksi chini yake.

Sokoni haendi. Hajawahi kwenda.

Mchana nilipanda roshani na fito ndefu. Mabalungi matatu yalikuwa yamening'inia upande wangu, na hewa ni ya serikali. Nilikuwa nimeligusa moja tu, kwa upole, Bi Nhạn akatokeza kichwa juu ya ukuta. Akauliza kama nayapima au nayasalimia. Nikasema nawafukuza popo. Saa saba mchana! Sijui yalinitoka wapi.

Jioni amekuja mwenyewe na kikapu. Mabalungi matano, mazito, yananukia, na chumvi yenye pilipili juu. "Si ungesema tu, baba? Mti wenyewe wanilemea." Mama Lụa akamshukuru hadi nikaona aibu. Usingizi hautakuja. Heri adui anitukane kuliko adui anilishe.


Jumanne, 26 Septemba

Majaribio. Nilikaa na kisu kidogo, vijiti vya meno, na saa ya ukutani mbele yangu. Mguu mmoja wa nyuma umenichukua saa mbili na dakika hamsini. Na ulikuwa mguu wa kawaida tu, si wa kujivunia.

Hesabu: miguu minne, kichwa, masikio, mkia, kifua. Saa ishirini na kitu. Lakini nyama ya balungi iliyovuliwa gozi haivumilii. Baada ya saa nne au tano inanyong'onyea. Nikifika mkiani, kichwa kimeshakuwa tambara. Ndicho kilichotokea mwaka jana! Kumbe sikuwa mzembe. Nilishindwa na hesabu tu.

Bi Nhạn alikaa miaka arobaini kwenye mashine za kiwanda cha nguo. Vidole vyake havikai. Yeye huanza siku yenyewe baada ya chakula cha mchana, na ikifika chai mbwa yuko tayari anatazama watu. Mimi miaka thelathini nilipanga barua posta. Barua hazina manyoya.

Nikaenda kukaa chini ya ngazi, penye baridi, nitulize moyo. Hapo macho yakaangukia kopo. Vanishi! Iliyobaki tulipopaka madhabahu ya mababu kabla ya mwaka mpya. Madhabahu bado yanang'aa mpaka leo, wala hayajasinyaa hata kidogo.

Nimepaka kipande kimoja cha balungi. Kimoja tu. Cha kujaribu.

Mama Lụa ameuliza harufu ni ya nini. Nimesema mababu. Amenitazama.


Jumatano, 27 Septemba

Kipande kimesimama! Siku nzima! Manyoya yamechanuka vilevile, yanameta kama umande. Wazee walisema la kuvunda halina ubani. Hawakuwa na vanishi.

Nimejifungia stoo tangu alfajiri, na kwa kuwa vanishi inashika kila kitu, kazi imekwenda nusu ya muda. Mguu, vanishi. Mguu, vanishi. Kifua. Mgongoni tabaka mbili, kwa usalama. Macho ya maharagwe meusi, ulimi wa pilipili nyekundu. Saa kumi na moja jioni amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Simuamini. Nilimgusa kwa kidole na hakuanguka. Nikapiga kelele kidogo.

Kisha wasiwasi ukaingia, ukakaa, ukaomba chai. Kila kilicho juu ya sinia kiweze kuingia tumboni mwa mtoto. Sikio la kwanza ni la Bống. Bống hatakula vanishi. Afe babu kwanza!

Nimezunguka stoo mara arobaini. Mpango wa pili umenijia kwenye mzunguko wa thelathini na nane. Mbwa wawili! Huyu mkubwa ni wa macho ya majaji. Ijumaa asubuhi nitatengeneza mwingine mdogo, mbichi, safi, nimfiche chini ya meza kwa jani la mgomba. Ushindi ukitangazwa, ngoma ya simba wa kitambaa inaingia, watu wote wanageuka kutazama simba, na mimi nabadilisha. Huyu wa macho, yule wa meno. Hakuna anayedhurika. Ni hila, lakini ni hila yenye afya.

Jioni Bi Nhạn juu ya ukuta, pua hewani. Ameuliza kama tumenunua kabati jipya. Nikasema ndiyo. Akataka kuliona. Nikasema halijafika. Akasema ajabu, harufu yake imetangulia.

Namshukuru Mungu kwa maua ya miti ya mitaani, yanayonuka kwa nguvu msimu huu. Labda yatamchanganya.


Alhamisi, 28 Septemba

Bống amefika na mama yake! Ana miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo. Amenikumbatia kiunoni na neno la kwanza ni mbwa. Yuko wapi mbwa, Babu?

Nimemwonyesha kwa ufa wa mlango. Akabandika pua kwenye ufa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Babu, anang'aa kuliko wa kwenye picha." Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo tangu nioe. Halafu akauliza kwa nini anatoa harufu ya dawati jipya la mwalimu. Nikasema ni balungi la aina ya pekee, na asiliguse, na asimwambie mtu.

Mchana nikamkosa. Yuko wapi? Kwa Bi Nhạn! Wamekaa kizingitini wanatunga mbegu za balungi kwenye waya, zile za kuwasha usiku wa mwezi. Damu yangu mwenyewe, kwenye kambi ya adui, inacheka. Nilimwita mara tatu. Alirudi jioni amejaa harufu ya maganda, akakaa karibu yangu, akanitazama sana. Akaniuliza kama mimi ni mzima. Akaniuliza tena wakati wa kula. Mara ya tatu nikakasirika. Nani kasema mimi si mzima?

Mama Lụa naye anasema nimekonda.


Ijumaa, 29 Septemba. Mwezi umekamilika.

Asubuhi. Mbwa wa pili amekwisha. Sura yake ni ya panya aliyenyeshewa, lakini ni panya mbichi, hana dawa hata chembe. Nimemficha chini ya meza yetu ya sinia, uani kwa mwenyekiti, jani la mgomba juu.

Mbwa mkubwa hajatikisika. Siku ya tatu! Bi Nhạn anaanza wake saa saba mchana. Maskini.

Kila kitu kiko tayari.


Jumamosi, 30 Septemba. Zahanati.

Naandika nimelala ubavu. Lazima niandike, vinginevyo watu watatunga yao. Wameshaanza.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Masinia yalipangwa uani, tisa. Mapera yaliyochongwa samaki, mapapai yaliyochongwa maua, ndizi, pepeta. Mbwa wa Bi Nhạn alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo mbele ya daktari. Mlegevu, mpole, sikio moja limeshaanza kulala. Wangu alisimama kama askari wa lango. Mzee Quýnh akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena. Akazunguka nyuma akatazama mkia.

Nikashinda.

Nimeshinda! Miaka saba niliota hili! Mzee Quýnh akashika kipaza sauti akatoa hotuba. Akasema huyu ndiye mtu aliyeheshimu asili, hakuna dawa, hakuna gundi, ni mikono na matunda ya Mungu tu. Kila neno liliniingia kama sindano. Watu wakapiga makofi. Bi Nhạn naye alipiga, taratibu, ananitazama machoni. Bống alikuwa akirukaruka. Mama yake, Lụa, anapiga picha za kumpelekea mwalimu.

Ngoma ikalia. Simba akaingia, watu wakageuka. Sasa! Nikainama chini ya meza, nikafunua jani.

Jani lipo. Mbwa hayupo.

Nikamshika Mama Lụa mkono, nikamuuliza kilichokuwa chini ya meza kiko wapi. Akasema, kile kipanya chako kilichoharibika? Vijana wa ngoma ya simba walikuwa na njaa, amewapa. Nikamtazama simba. Simba alikuwa akitafuna.

Nilipogeuka, Bống ameshapandishwa kwenye kigoda. Mikono nyuma, mdomo wazi, sikio la mbwa liko umbali wa kiganja. Nilitaka kupiga kelele. Mkono wa mwenyekiti ulikuwa begani kwangu, simu kumi na tano zimeinuliwa. Ningesema nini? Kwamba asili yenyewe imetoka kwenye kopo?

Sikufikiri. Niliruka. Nikamnyakua mbwa shingoni na kung'ata sikio mwenyewe.

Ngoma ikanyamaza. Sikio la pili nikalila pia, maana watoto wengine walikuwa wameshaanza kusogea. Nikala kichwa. Sauti ya mtoto ikapaa, "Babu anamla mbwa wetu!" na mwingine akaanza kulia, na wakafuatana kama vifaranga. Mama Lụa aliponifikia nilikuwa nimefika mabegani. Utamu, uchungu, kisha kabati. Macho ya maharagwe niliyameza mazima. Kiwiliwili nilikirusha mferejini. Mzee Quýnh akasema kwenye kipaza sauti, kwa bahati mbaya hakikuwa kimezimwa, kwamba tangu kichochoro kijengwe hajaona ulafi wa namna hii.

Bống alikuwa bado kwenye kigoda. Mdomo bado wazi.

Daktari aliniuliza nimekula nini. Nikasema mbwa. Akaandika. Nikasema wa balungi. Akafuta, akaandika upya. Nikasema aliyepakwa vanishi. Akaweka kalamu chini, akamwita mwenzake aje asikilize. Wakaniambia nina bahati, nitalala hapa usiku mmoja zaidi, ninywe maji, na nisipake chakula vanishi tena. Kana kwamba nina tabia hiyo.

Mama Lụa alisimama miguuni pa kitanda. "Baba Lụa, kopo lile nitalitupa mimi au utalitupa wewe?" Nikasema mimi. Akataka niape. Nikaapa kwa mababu. Akasema ameambiwa na mama yake tangu zamani kwamba sikio la kufa halisikii dawa, lakini hakujua kwamba angeolewa nalo.


Jumamosi hiyohiyo, jioni

Bống amekuja kuniona, ameshikana mkono na Bi Nhạn. Bi Nhạn amebeba uji. Nilijifanya nimelala. Haikusaidia. Mtoto alipanda kitandani.

"Babu, mbona ulimla? Mimi ningejifanya tu."

Nikafungua jicho moja. Kujifanya?

Ikatoka yote. Bi Nhạn alijua tangu Jumatano. Kabati gani linanuka likiwa dukani! Alhamisi, pale kizingitini, alimwambia Bống kwamba babu yake amempaka mbwa dawa kwa sababu anampenda na kwa sababu hana akili, vyote viwili. Wasimwaibishe. Wakafanya mazoezi mara tatu na ganda la balungi: sogeza mdomo, ng'ata hewa, tafuna, tikisa kichwa, piga makofi. Kisha Bi Nhạn angejikwaa kwenye meza na mbwa angeanguka mferejini. Alikuwa ameshachagua hata mguu wa kujikwalia.

"Tena mimi natafuna vizuri sana," Bống akasema, akanionyesha. Alitafuna vizuri kweli. Hata mimi ningeamini.

Kwa hiyo nimemla mbwa bure. Kichwa, masikio, macho na vijiti viwili vya meno. Wale wawili walikuwa wamekwisha kuniokoa tangu juzi, na mimi niliruka kumwokoa aliyekwisha kuokoka.

Nililia. Nesi alidhani ni tumbo.

Nimemshukuru Bi Nhạn, maana hapakuwa na pa kukimbilia. Akasema ninywe uji ungali moto. Ushindi wamempa yeye. Mwaka wa saba. Na sikio la mbwa wake amempa Bống aling'ate. Mara hii mtoto wa kuazima alikuwa wangu.


Jumapili, 1 Oktoba

Nimerudi nyumbani asubuhi. Kichochoro kizima mlangoni kuniangalia. Mzee Tambara wamelisahau. Sasa ni Mzee Mla Mbwa. Nimepiga hatua, lakini sijui kuelekea wapi.

Bống ameondoka na mama yake kwa basi la saa nane. Kabla ya hapo aliniletea kitu kwenye jani. Mbwa. Amemtengeneza mwenyewe kwa balungi la Bi Nhạn. Miguu mitatu, wa nne ni ndizi. Sikio moja. Jicho moja liko juu ya jingine, anaonekana kama amesikia habari mbaya. Akaniambia nimle leo leo, kwa sababu kesho atasinyaa. Bi Nhạn amemfundisha kwamba mbwa wa balungi ni wa siku moja, ndiyo maana ni mtamu. Nikaweka mkono kifuani. Nikaahidi.

Nikamuuliza, roho juu juu, picha ya mwalimu itakuwaje. Akasema anayo. Mimi, sikio mdomoni, macho yamenitoka. Atawaambia darasani kwamba babu yake alimla mbwa mbovu ili yeye asiugue. Babu mwenye taa ya betri, akasema, hajala kitu chochote kibaya kwa ajili yake.

Mwakani anakuja tena. Kasema mwenyewe, bila kuulizwa.

Basi likaondoka. Nilibaki na mbwa mkononi, nikiaga kwa kumpunga huyo mbwa.


Jumatatu, 2 Oktoba

Sikumla jana. Nilikaribia. Nilimweka mezani, nikachukua chumvi, nikarudisha chumvi. Mama Lụa akasema kula basi, ulimwahidi mtoto. Nikasema baada ya chai. Baada ya chai nikasema baada ya kulala.

Leo asubuhi sikio lilikuwa limeanza kuinama. Lile moja! Mtoto ametengeneza kwa mikono yake miwili, meno ya mbele hana, na mimi nimweke tumboni kama wali? Au nimwache asinyae mbele ya macho yangu? Ahadi ni ahadi, lakini mtu ana moyo.

Kopo sijalitupa. Nilikuwa nakwenda kulitupa. Niliapa kulitupa, sikuapa lini.

Tabaka mbili. Mbili tu, nyembamba. Mwaka jana kosa lilikuwa hesabu, na mwaka huu kosa lilikuwa mahali: nilimweka mbwa mezani, wanapofika walaji. Huyu nimempandisha juu ya madhabahu ya mababu, kati ya ubani na chungwa. Mababu hawali, wanapokea harufu tu. Na harufu yenyewe ni ya madhabahu. Hakuna atakayejua kamwe! Sikio limesimama. Anang'aa. Nimemtazama saa nzima. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimetulia, na nimeanza kuchora mbwa wa mwakani: mkubwa mara mbili, na wa pili si mmoja bali watatu, katika maficho matatu, Mama Lụa asijue hata moja.

Kuna mtu mlangoni.

Ni Mzee Quýnh. Bi Nhạn amemweleza yote, kwa hiyo amekuja kuniomba radhi kwa neno ulafi. Mtu mwema. Namsikia sebuleni. Mama Lụa anamkaribisha, anahangaika, nyumbani hakuna kitu cha kumpa mgeni. Nasikia kiti kikiburutwa kuelekea madhabahuni.

Anashusha matunda ya mababu. Anasema, karibu mwenyekiti, huyu ni wa mjukuu, huyu hana dawa kabisa.

Mzee Quýnh amesema ataonja sikio tu.

Liko moja. Itabidi nimuwahi.